Mgonjwa Kidogo

Nekesa,

Sitaanza kwa kukuuliza hali, maana hali yako naijua. Uko saluni hapo kwa Mama Brayo, umeinamishwa kichwa, wasichana wawili wanakusuka kila mmoja na upande wake, na ukitoka utasema shingo imekufa. Mimi nimefunga karakana mapema. Wenye makochi yao watanisamehe, na wasiponisamehe shauri yao. Nimekaa kwa kitanda chako, sanduku lako liko hapa miguuni pangu limefungwa kamba, na hii nyumba yetu ambayo miaka yote tumeilalamikia kwamba ni ndogo, leo naiona ni kubwa mno.

Mambo ya kufanya na kutofanya huko Ujerumani sitayaandika. Shangazi yako ameyasema yote, mengine ameyarudia mpaka nikaombea ndege ije haraka. Vaa sweta mbili, ficha pasipoti, usiolewe na mzee. Hayo yeye ameyamaliza. Mimi nina neno moja tu, na wiki hii yote nimelizunguka. Nikitaka kulisema, linafika mdomoni linageuka mzaha. Si unanijua. Ndiyo maana nimeamua kuandika, na nitaingiza hii barua kwa sanduku, kati ya unga wa wimbi na zile soksi, uisome ukiwa mbali na uso wangu.

Neno lenyewe linahusu ule msemo wenu wa Kiingereza, ule mliotoka nao shuleni mkautafsiri, kwamba ukweli unauma. Siku hizi uko kila mahali. Mama muuza samaki wa omena pale Kisumu Ndogo akimwambia mteja amenenepa, anamalizia, "Ukweli unauma, mama." Mhubiri akiwasema walevi kwa spika Jumapili asubuhi, ukweli unauma. Juzi tu Oti, fundi mwenzangu, alimwambia jamaa mmoja kwamba lile kochi analotaka haliwezi kupita mlango wa nyumba yake, labda wabomoe ukuta. Jamaa akanuna. Oti akacheka: "Ukweli unauma, mzee." Nimeusikiliza huo msemo miaka mingi, na nilichoona ni hiki: anayeusema huwa si yeye anayeumia. Yeye huwa amesimama pembeni anacheka.

Isipokuwa mara moja. Siku hiyo aliyeusema ndiye aliyekuwa akiumia, na ulikuwa wewe. Nitafika hapo. Kwanza wacha nikurudishe kwa kukhu wako, yule bibi uliyepewa jina lake.

Hadithi ya matanga ya kukhu unaijua. Kila Krismasi ami yako Wekesa lazima aisimulie, na kila Krismasi anaongeza chumvi. Jinsi Barasa wa Nairobi aliambiwa mama yake ni mgonjwa, akamlilia kama amekufa, akaleta waombolezaji kutoka Kibera mpaka Bungoma, akaingia nyumbani akipiga nduru, "Mama wee! Mama wee!" na mama mwenyewe amekaa juani anakunywa uji. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wewe ukiwa mdogo ulikuwa unaomba irudiwe. Mimi pia hucheka. Nimecheka hiyo hadithi miaka yote, nikijua inakoishia.

Wekesa huachia kwenye uji. Hadithi haiishii kwenye uji.

Wakati huo nilikuwa nakaa Kambi Muru, Kibera, chumba kimoja cha kupanga, ploti ya Mama Khadija. Mama Khadija unamjua, yule mama Mnubi anayekuita "mke mwenzangu" kila ukienda kumsalimia. Wakati huo bado alikuwa na nguvu, na mbele ya ploti alikuwa na duka, na dukani kulikuwa na simu ya kulipia. Simu za mkononi zilikuwa za matajiri. Mtu wa nyumbani akitaka kunipata, alipiga dukani, Mama Khadija anatuma mtoto aniite, au anachukua ujumbe.

Siku hiyo alichukua ujumbe. Nilirudi kutoka kwa mjengo, bado nilikuwa nabeba mawe sijajua randa, nikamkuta amesimama mlangoni pa duka ananingoja. Akasema, "Ndugu yako Wekesa amepiga. Anasema mama ni mgonjwa kidogo, uende."

Nekesa, wewe ni mtu wa kwetu, huna haja nikueleze hilo neno. Kwetu mtu haitwi kutoka Nairobi kwa sababu ya kidogo. Hatumwambii mtu kwa simu kwamba mama yake amekufa. Tunamwambia ni mgonjwa kidogo, ajaribu aje, na tunangoja afike, au tunatuma watu wazima wamkalishe, wamwombee, ndipo waseme. Huo ndio utu wetu. Nilikuwa nimeuona ukifanyika mara ngapi! Jirani anaambiwa baba ni mgonjwa kidogo, na sisi wote tunajua, tunaanza kumtafutia viti kabla hajamaliza kufunga begi. Kwa hiyo nilipoambiwa mgonjwa kidogo, nilijua. Nikakaa chini hapo hapo kwa vumbi.

Mama Khadija akaniangalia. Akasema, "Kwani umesikia nini?"

Nikamwambia, "Mama yangu ameenda."

"Nani amesema ameenda? Mimi nimesema mgonjwa kidogo. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa."

"Hivyo ndivyo tunavyosemaga."

Mama Khadija akakasirika. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, na mpaka leo yuko hivyo. "Maneno gani haya ya kuzungukazunguka? Sisi tukifiwa asubuhi, jioni tumezika. Hatuna wakati wa kumwambia mtu kidogo kidogo. Simu ndiyo hii. Piga, uliza: mama amekufa ama hajakufa?"

Sikupiga. Nilimwambia mtu hamuulizi ndugu yake swali kama hilo, kwamba kumlazimisha Wekesa atamke kifo cha mama kwa simu ni ukatili. Na hivyo ndivyo desturi inavyosema, sikudanganya. Akasonya, akarudi ndani ya duka. Simu ilikuwa pale kwa kaunta. Ningenyoosha mkono ningeigusa.

Jioni hiyo hiyo watu wa nyumbani wakapata habari. Wakaja, wengine kutoka huku Kawangware, wengine kutoka Kisumu Ndogo, watu ambao sikujua kama wananijua. Wakakopa mabenchi ya kanisa. Wakawasha moto hapo nje. Sufuria kubwa ya chai ikaletwa, vitabu vya nyimbo vikatolewa, mzee mmoja akaomba mpaka jasho likamtoka, akitaja jina langu: "Mtoto wako Barasa, ee Bwana, umshike mkono." Kesho yake vivyo hivyo. Kesho kutwa vivyo hivyo. Mtu kwetu haendi kwa mazishi ya mama yake peke yake na mikono mitupu, lazima watu wakusanyike, michango iingie, wa kusindikiza wajulikane. Siku zikaenda.

Hapa ndipo nataka usome polepole, kwa maana hili Wekesa halijui, na hata mama yako halijui.

Mimi nilikuwa nimekaa Nairobi mwaka na zaidi, na sikuwa na mtu. Watu wanafikiri Kibera mtu hawezi kuwa peke yake, kwa vile tumebanana ukuta kwa ukuta, unasikia hata jirani akigeuka kitandani. Waulize wanaokaa huko. Jumapili nilikuwa nafua shati, nalianika, nakaa mlangoni kulichunga likauke, na hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu yangu. Ningeweza kumaliza wiki bila mtu kutaja jina langu. Kwa mjengo walikuwa wananiita "wewe".

Halafu ghafla mama yangu "akafa", na mimi nikawa mtu. Nilikaa katikati ya benchi. Wanaume waliokuwa hawanijibu salamu walinishika bega. Wanawake waliniuliza kama nimekula. Nililia, Nekesa, na machozi yalikuwa ya kweli, nilimpenda mama yangu kuliko chochote. Lakini ndani kabisa nilisikia joto, na nililifurahia. Na kila nilipoangalia duka la Mama Khadija na ile simu, nilijiambia ni desturi inanizuia. Haikuwa desturi pekee. Nilijua nikiuliza, na nikaambiwa yuko hai, moto utazimwa, mabenchi yatarudi kanisani, na mimi nitarudi kuchunga shati.

Nimeandika hilo sasa. Sitalifuta.

Na kwenye hiyo chai kulikuwa na msichana aliyekuwa ananiletea kikombe kila jioni, ananiwekea sukari nyingi bila kuniuliza. Alikuwa anakaa na dadake upande wa pili wa reli. Huyo ndiye mama yako. Najua tulikwambia tulikutana kwaya. Hatukukutana kwaya.

Tukafika Bungoma, na Wekesa hapo hakudanganya: tulianza nduru tangu kwa mto, kama inavyotakiwa, na nilikuwa mbele. Watoto wakatukimbia. Shangazi akaangusha sufuria. Mama alikuwa amekaa nje kwa mkeka, blanketi mabegani, kikombe cha uji mkononi. Akaniangalia nikija nimeinua mikono juu. Akasema, "Barasa, umelia vizuri. Sasa kuja unisalimie."

Watu wakacheka. Walicheka kwa kushtuka kwanza, halafu wakacheka kabisa, mmoja akaanguka kwa nyasi. Mimi nikapiga magoti nikamkumbatia, na nilipomkumbatia nikasikia harufu.

Alikuwa na kisukari, unajua. Kilikuwa kimemletea kidonda kwa kidole cha mguu, kile kidogo cha mwisho. Daktari alikuwa amemwambia hicho kidole kikatwe haraka. Mama akakataa. Akasema hakatwi chochote mwanawe wa kwanza hajafika. "Kwanza Barasa aje, anishike mkono, ndiyo niende." Wekesa alipopiga simu, alisema alichotumwa kusema. Mama ni mgonjwa kidogo, uende. Ilikuwa hivyo hivyo. Ilikuwa kidole.

Siku zote ambazo mimi nilikuwa naimbiwa nyimbo Kambi Muru, mama yangu alikuwa anakaa pale mkekani anaangalia barabara. Tulipomfikisha hospitali, kidonda kilikuwa kimepanda. Daktari hakuzungumza tena habari ya kidole. Walimkata mguu juu ya goti.

Hakunilaumu. Alikuwa anataniana na watu kwamba sasa atanunua kiatu kimoja kwa bei ya nusu. Mimi niliacha mjengo, nikaenda kwa fundi mmoja nikajifunza mbao, na kiti cha kwanza nilichotengeneza kikasimama bila kuyumba kilikuwa chake, chenye pahali pa kuegemezea mguu mmoja. Kiko kwa Wekesa mpaka leo, umekikalia. Nilimpelekea mwenyewe. Akakikalia, akakipapasa mikono, akasema kiko sawa. Halafu akaniambia, bila hasira, kama mtu anayekuomba chumvi, "Ulipoambiwa mimi ni mgonjwa, ulikimbilia watu. Hukunikimbilia mimi."

Basi. Hakurudia tena. Aliishi baada ya hapo misimu michache ya mahindi, akafa kwa usingizi, na safari hiyo Wekesa alinipigia na kunitamkia wazi wazi, kwa sababu sisi wawili tulikuwa tumeapa. Mwaka uliofuata ukazaliwa wewe, na hakukuwa na mjadala wa jina.

Sasa niambie wewe uliyesoma. Hayo maneno ya mama yaliniuma? Yaliniuma mpaka leo. Lakini nikiangalia vizuri, si yeye aliyeniumiza. Yeye alisema tu kilichokuwepo. Yalikuwa yananiuma kabla hajayasema, tangu kwa ile sufuria ya chai, na alipoyasema ndipo nilijua pahali panapouma ni wapi. Na kuna hili pia, nalo linanivuruga akili kila nikilifikiria: kama ningenyoosha mkono nikashika ile simu, mguu ungebaki, na mama yako nisingemwona, na wewe usingekuwepo. Nimejaribu kujutia ile siku mpaka mwisho wake nikashindwa, kwa sababu mwishoni unakaa wewe.

Ungefikiri mtu kama huyo hatarudia. Ee, ungefikiri.

Mama yako alipoondoka ulikuwa darasa la kwanza. Tulikuwa tumehamia hapa Kawangware 46, karakana inaanza kushika, na mimi na yeye tulikuwa tumeacha kuongea kitambo. Siku hizi wewe na yeye mnaongea kwa simu, na nafurahi, sitaki kumsema vibaya. Alichoka. Mimi nikiwa na huzuni hunyamaza, na nilinyamaza miaka. Akapata mtu Nakuru anayeongea. Asubuhi moja akaenda, na jioni ukaniuliza, "Mama ako wapi?"

Mimi, mtoto wa Nekesa wa mguu mmoja, nikafungua mdomo na kusema, "Mama amesafiri kidogo. Atarudi Jumamosi."

Jumamosi ukavaa viatu vya shule ukakaa kwa ngazi ya geti. Nikadhani utachoka. Hukuchoka. Jumamosi iliyofuata ukavaa tena. Nilikuwa nakuona kutoka karakana, mdomoni nimeshika misumari, na nikawa napiga misumari. Majirani walikuwa wanapita wanakusalimia kwa ile sauti tamu ya watu wanaojua. Ploti nzima ilikuwa inajua isipokuwa wewe. Na hakuna aliyekwambia, kwa sababu sisi ni watu wenye utu, si ndiyo? Siku moja ukaacha kukaa kwa geti, hukuniuliza tena, na mimi nikashukuru Mungu kwamba umesahau. Mjinga mimi.

Halafu ukafika kidato cha tatu. Jioni ile sijui tulianza na nini, nadhani ni simu niliyokunyang'anya. Nikasema mama yako angekuwa hapa ungekuwa na adabu. Ukasimama. Ulikuwa umeshanipita urefu. Ukasema, "Mama hakusafiri. Alikuacha. Watu wote walijua, hata Brayo alijua, mimi tu ndiye nilikuwa nangoja na viatu. Ukweli unauma, dadi?"

Na mimi nikakuzaba kofi.

Hatujawahi kuliongelea lile kofi. Kesho yake nilikununulia soseji za smoki na mayai, ukala, nikahesabu imeisha. Nekesa, nisamehe. Ulikuwa umesema kitu cha kweli, na ulikuwa unalia ukikisema, na kilikuwa kinakuuma wewe kuliko mimi. Ningepaswa kusema, "Ndiyo, alituacha, na mimi nilikudanganya kwa sababu niliogopa kukuona ukilia." Ningesema hivyo ukiwa na miaka saba, ungelia siku tatu, na ungekuja kukaa karakana na mimi Jumamosi, tungekuwa wawili. Badala yake wewe ulikuwa peke yako kwa geti na mimi peke yangu na misumari, hatua kumi kati yetu. Hicho ndicho kilichopotea, na sioni namna ya kukirudisha.

Sikuandikii haya ndiyo uende Ujerumani ukimwambia kila mtu ukweli usoni kama yule mhubiri. Utafukuzwa kazi wiki ya kwanza. Unaenda kuuguza wazee wa watu, na kuna mzee mmoja atakuuliza kama mwanawe atakuja, na wewe utajua hatakuja, na sijui utamjibu nini. Kwa kweli sijui. Labda utakaa naye tu. Nadhani mama yangu hakutaka kuelezwa chochote pale mkekani, alitaka kushikwa mkono.

Mimi ninachoomba ni cha kwetu wawili. Kutakuwa na simu tu kati yetu, na simu ndiyo mahali tunapodanganyana vizuri zaidi. Nawajua watoto wa watu walio ng'ambo. "Niko poa, dadi, kazi ni poa, baridi ni kidogo." Na mama zao hapa, mmoja amelazwa, anajibu, "Hata sisi tuko poa, usijali." Wanazima simu, kila mmoja analia upande wake. Usinifanyie hivyo. Ukiwa umelia siku hiyo niambie umelia. Sitakuwa na cha kufanya, najua, nitanyamaza kama kawaida yangu, lakini nitakuwa nimenyamaza na wewe.

Na mimi nikiugua, utaambiwa. Hapo ndipo nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu Wekesa amezeeka, amerudia desturi, na shangazi yako ndiye hatari kabisa. Wanaweza kukuambia mimi ni mgonjwa kidogo, na wewe kule utajuaje? Utanunua tiketi ya mazishi na mimi nimeteguka tu kifundo cha mguu. Au utasema ni kidogo, wacha mwezi uishe, kumbe nakufa. Kwa hiyo Jumatano nilienda Kambi Muru. Nikamkuta Mama Khadija amekaa kwa baraza, macho yamepungua lakini ulimi uko pale pale. Nikamwambia Nekesa anaenda. Nikamwambia ninachotaka.

Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa umekuja kupiga ile simu? Miaka yote hii?"

Nikasema, "Ndiyo, mama. Nimekuja kupiga."

Akanishika mkono, akasema, "Mpe namba ya mjukuu wangu. Likitokea, nitaongea mimi mwenyewe."

Namba nimeiandika nyuma ya hii karatasi. Akikupigia huyo mama, sikia neno kama lilivyo. Akisema ni kidole, ni kidole, maliza zamu yako na ulale. Akisema uje, usiende kwa Wakenya wenzako kuomba wakukalie matanga. Kuja kwangu. Akisema nimekufa, nimekufa, na hutahitaji kukisia. Wengine wote wakipiga, uliza. Uliza wazi, hata kama ni utovu wa adabu. Waambie baba yako ndiye alisema uulize.

Jua limeshaenda upande wa Dagoretti na nasikia kicheko chako huko nje kwa geti, kwa hiyo wamemaliza kukusuka. Nafunga haraka.

Juzi ulikuwa unakunja zile blausi hapa hapa nilipokaa, ukaniuliza bila kuniangalia, "Dadi, utakuwa mpweke nikienda?" Nikakwambia, "Kidogo tu. Nitazoea." Ukasema, "Sawa," ukaendelea kukunja. Nilikuona ulivyokunja blausi moja mara mbili.

Si kidogo, mama. Nenda.

Baba yako,
Barasa